Inchi (kipimo cha urefu)

Inchi ni kizio cha urefu katika mfumo wa vipimo wa Kiingereza. Inchi 12 hufanya futi moja, na inchi 36 hufanya yadi moja. Tangu mwaka 1959 inchi moja ni sawa na milimita 25.4 kamili, yaani sentimita 2.54 au mita 0.0254. Kifupi chake ni in, au vistari viwili vinavyowekwa juu baada ya namba (″). Kistari kimoja (′) ni alama ya futi. Kwa hiyo 5′ 8″ husomwa futi tano na inchi nane.

Inchi si kizio cha SI. Nchi za Afrika Mashariki zilihamia vipimo vya mita kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, na shuleni watoto hufundishwa mita, kilogramu na lita. Hata hivyo fundi bomba, seremala, muuza nondo, muuza televisheni na fundi baiskeli bado hutaja inchi kila siku. Mwanafunzi aliyezoea mita pekee huingia dukani akaona kama anazungumziwa lugha nyingine. Hesabu ya kubadili inchi ni nyepesi. Kigumu zaidi ni kutambua kama namba iliyotajwa ni kipimo kweli, au ni jina tu la bidhaa.

Asili

Neno hili liliingia Kiswahili kutoka Kiingereza, nacho Kiingereza kililipata kutoka Kilatini. Kwa Waroma, uncia ilikuwa sehemu moja ya kumi na mbili ya kitu chochote. Futi yao waliigawa katika sehemu 12, na ratili yao vilevile. Ndiyo sababu inchi na aunsi ni maneno ya ukoo mmoja, ingawa moja hupima urefu na jingine uzito.

Lugha nyingine zilifuata mwili wa binadamu. Kwa Kifaransa inchi huitwa pouce, neno lilelile la dole gumba, na kwa Kiholanzi duim, ambalo nalo ni dole gumba. Msomaji wa Kongo au Burundi hukuta pouce kwenye maboksi ya televisheni. Siku hizi ni inchi ileile ya milimita 25.4.

Katika Uingereza ya zama za kati inchi ilielezwa kwa punje za shayiri: punje tatu kavu na nene, zikipangwa ncha kwa ncha, zilihesabiwa kuwa inchi moja. Agizo hilo kwa kawaida huhusishwa na mfalme Edward II, mwaka 1324. Punje hizo hazijatoweka kabisa. Namba za viatu za Uingereza na Marekani bado hupanda kwa theluthi moja ya inchi, yaani punje moja ya shayiri, ambayo ni karibu milimita 8.5.

Kila nchi ilikuwa na inchi yake, na jambo hilo limeleta makosa hata katika historia. Inchi ya Ufaransa ya zamani ilikuwa na karibu milimita 27.07, kubwa kuliko ya Kiingereza. Napoleon aliandikwa kuwa na futi 5 na inchi 2 na kitu kidogo, kwa vipimo vya Kifaransa. Ukihesabu kwa inchi ya Kifaransa unapata karibu sentimita 168, kimo cha kawaida kwa mwanamume wa wakati wake. Ukisoma namba hiyohiyo kwa inchi ya Kiingereza unapata sentimita 157 tu. Kuchanganya huko ni sababu mojawapo ya watu wengi kuamini hadi leo kwamba alikuwa mfupi kupita kiasi.

Namna inchi ilivyofungwa kwenye mita

Kabla ya mwaka 1959 hapakuwa na inchi moja ya Kiingereza. Uingereza ilitunza yadi yake kwenye fimbo ya shaba nyeusi. Fimbo ya awali iliharibika mwaka 1834 moto ulipoteketeza majengo ya Bunge mjini London, ikabidi itengenezwe nyingine. Marekani nayo iliamua mwaka 1893 kutotegemea tena fimbo ya Uingereza, ikaeleza yadi kwa mita: mita 1 ni inchi 39.37 kamili. Kwa kanuni hiyo inchi ya Marekani ikawa milimita 25.40005, na ya Uingereza ilipopimwa kwa makini ilionekana kuwa karibu milimita 25.39998.

Tofauti hiyo haionekani kwa jicho. Katika maili nzima ni kama milimita 5 tu. Lakini kiwandani, ambako vipande vya mashine hupimwa kwa sehemu ndogo sana za milimita, ilikuwa kero. Mtu aliyeisuluhisha kwa vitendo alikuwa Carl Edvard Johansson wa Sweden, ambaye alitengeneza vipande vya chuma vya kulinganishia vipimo. Kwa vipande vya inchi alichagua namba ya katikati, milimita 25.4 bila mkia. Viwanda vingi vilinunua vipande vyake, na hivyo vikaanza kutumia inchi hiyo kabla serikali hazijakubaliana. Mwaka 1959 Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand na Afrika Kusini zilikubaliana kwamba yadi ni mita 0.9144 kamili. Gawanya kwa 36 na unapata mita 0.0254.

Neno kamili hapa lizingatiwe. Wanafunzi wengi hudhani 2.54 ni makadirio, kama 3.14 ilivyo kwa pai. Sivyo. Hakuna tarakimu nyingine zilizofichwa nyuma yake. Namba 39.37 ndiyo yenye mkia siku hizi, kwa sababu 1,000 ikigawanywa kwa 25.4 hupatikana 39.3700787 na kuendelea. Wapima ardhi wa Marekani waliendelea kutumia futi ya zamani kwa sababu ya ramani zao hadi mwisho wa mwaka 2022.

Kubadili inchi

Kutoka inchi kwenda sentimita, zidisha kwa 2.54. Kutoka sentimita kwenda inchi, gawanya kwa 2.54. Ukitaka milimita, tumia 25.4. Mfano: msumari wa inchi 4 una milimita 4 × 25.4 = 101.6. Meza yenye urefu wa sentimita 120 ina inchi 120 ÷ 2.54 = 47.24.

Kwa vizio vikubwa zaidi:

futi 1 = inchi 12 = sentimita 30.48
yadi 1 = inchi 36 = sentimita 91.44
maili 1 = inchi 63,360 = mita 1,609.344

Anayekosa kikokotoo anaweza kukadiria kichwani. Zidisha inchi kwa 10, gawanya kwa 4, kisha ongeza sentimita 4 kwa kila inchi 100. Inchi 60: mara 10 ni 600, ikigawanywa kwa 4 ni 150, ongeza 2.4, jibu ni 152.4. Njia hii haikadirii kitu kama mtu hakusahau nyongeza ya mwisho. Jibu lake ni kamili.

Ugumu huanza kwenye sehemu. Inchi haikugawanywa kwa kumi kama sentimita, bali kwa nusu, na nusu ya nusu, na kuendelea: 1/2, 1/4, 1/8, 1/16, 1/32. Ugawaji huu ulimfaa fundi asiye na hesabu nyingi, maana kamba huweza kukunjwa mara mbili lakini haikunjiki kwa urahisi mara kumi. Zinazotajwa mara nyingi ni hizi:

1/16 = mm 1.5875
1/8 = mm 3.175
1/4 (robo) = mm 6.35
3/8 = mm 9.525
1/2 (nusu) = mm 12.7
5/8 = mm 15.875
3/4 (robo tatu) = mm 19.05

Kubadili 2 3/8, kwanza igeuze kuwa desimali: 3 ÷ 8 = 0.375, hivyo ni 2.375, kisha 2.375 × 25.4 = mm 60.325. Kwa kurudi, tuseme una mm 45 na unataka sehemu ya inchi: 45 ÷ 25.4 = 1.772. Chukua 0.772 uizidishe kwa 16, unapata 12.35, yaani karibu 12/16. Jibu ni inchi 1 na robo tatu, na kuzidi kidogo.

Kosa linalojirudia kuliko yote ni la futi na inchi. Mtu mwenye kimo cha futi 5 na inchi 8 huandika 5.8, kisha huzidisha kwa 30.48 na kupata sentimita 176.8. Si kweli. Futi 5 ni inchi 60, ukiongeza 8 ni inchi 68, na 68 × 2.54 = sentimita 172.72. Nukta ya desimali huhesabu kwa kumi, ilhali futi huhesabu kwa kumi na mbili. Futi 5.8 ni futi 5 na inchi 9.6. Sentimita nne za uongo kwenye fomu ya hospitali au ya kuomba kazi ya ulinzi si jambo dogo. Na mtu wa futi 5 na inchi 11 akiandika 5.11 hujifanya mfupi kuliko wa 5.8.

Kosa la pili ni la eneo. Chumba cha futi 10 kwa 12 kina futi za mraba 120. Wengi huzidisha 120 kwa 0.3048 na kupata 36.6, wakaenda kununua vigae vya kutosha vyumba vitatu. Futi moja ya mraba si mita 0.3048 za mraba bali 0.3048 × 0.3048, yaani 0.0929. Chumba kile kina mita za mraba 11.15. Vivyo hivyo inchi moja ya mraba ni sentimita za mraba 6.4516, na inchi moja ya ujazo ni sentimita za ujazo 16.387. Asiyeamini abadili kila upande kwanza ndipo azidishe: mita 3.048 kwa mita 3.6576.

Kukagua tepu

Tepu ya fundi cherehani huwa na inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili. Iko njia rahisi ya kujua kama imechapwa vizuri. Kwa kuwa inchi 5 ni sentimita 12.7 kamili, inchi 50 lazima ziangukie sentimita 127 bila kupungua wala kuzidi. Geuza tepu uangalie. Zipo tepu za bei rahisi ambazo inchi 60 zimelinganishwa na sentimita 150, ilhali zinatakiwa kufika 152.4. Fundi anayechukua kipimo cha mteja kwa inchi na kukata kitambaa kwa sentimita kwa tepu kama hiyo atakosea kila nguo, na hatajua kosa liko wapi.

Namba 127 ina kazi nyingine pia. Fundi mchongaji vyuma anapotaka kukata skrubu yenye nyuzi za milimita kwenye mashine iliyotengenezwa kwa inchi, hufunga gia yenye meno 127. Kwa kuwa 127 ni namba tasa, hakuna gia ndogo zaidi inayoweza kutoa uwiano huo kwa ukamilifu.

Vipimo vya Waswahili

Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na vipimo vyake kabla ya futi na mita kufika. Wanda ni upana wa kidole. Shibiri ni kutoka ncha ya dole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, kiganja kikiwa kimekunjuliwa. Shibiri mbili ni mkono mmoja au dhiraa, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono miwili ni wari, na mikono minne ni pima, yaani upana wa mtu aliyenyoosha mikono yote miwili.

Kwa kukadiria, shibiri ni inchi 9, mkono ni inchi 18, wari ni inchi 36 na pima ni inchi 72. Kwa sababu hii wari na yadi zilipokutana kwenye biashara ya nguo zilichukuliwa kuwa kitu kimoja. Katika misafara ya karne ya 19 shuka ya mikono minne na doti ya mikono minane zilikuwa kama fedha za kulipia njiani. Ni wazi kwamba mkono wa nani ulipima ndiyo ilikuwa hoja kubwa: mtu mwenye mkono wa inchi 17 akipima doti moja, anayepokea hupungukiwa na inchi 8, karibu sentimita 20 za nguo.

Inchi ambazo si kipimo

Chukua rula upime bomba la chuma la maji linaloitwa la nusu inchi. Hutapata 12.7 popote. Nje lina milimita 21.3, na ndani karibu 16. Jina lilitokana na upana wa tundu la mabomba ya zamani yaliyokuwa na kuta nene. Kuta zilipopunguzwa, upana wa nje uliachwa vilevile ili viungio viendelee kuingiliana, na jina nalo likabaki. Mabomba ya plastiki ya kuchomelea hupimwa kwa nje kwa milimita: lile la mm 20 dukani ndilo nusu inchi, la mm 25 ni robo tatu, na la mm 32 ni inchi moja. Kwa hiyo anayebadili mm 20 kwa kikokotoo na kupata inchi 0.79, akaomba bomba la robo tatu, atarudi nyumbani na bomba lisiloingia.

Nondo zina suala zito zaidi. Nondo inayoitwa nusu inchi kwa kawaida ni ya mm 12, siyo 12.7. Tofauti ya mm 0.7 inaonekana ndogo, lakini nguvu ya nondo hutegemea eneo la mkato wake. Kipenyo cha mm 12.7 kina eneo la milimita za mraba 126.7, na cha mm 12 kina 113.1. Hapo chuma kimepungua kwa asilimia 11 hivi. Kwa nondo za 3/8 na 5/8, ambazo huchukuliwa kuwa mm 10 na mm 16, chuma huongezeka kidogo. Mchoro wa mhandisi ukiwa umeandikwa milimita, usiutafsiri kwa inchi ili kurahisisha mazungumzo dukani. Taja milimita zilezile, kisha upime nondo kabla haijapakiwa.

Mbao ya mbili kwa nne nayo hutajwa kwa kipimo chake ilipopasuliwa. Ikikauka na kupigwa randa hupungua. Nchini Marekani mbao ya jina hilo iliyokwisha kupigwa randa ni inchi 1 1/2 kwa 3 1/2, yaani mm 38 kwa 89. Anayefuata michoro ya samani kutoka mtandaoni azingatie hilo, au droo hazitaingia.

Tairi za baiskeli ni mfano ambao kila fundi wa barabarani anaujua kwa mikono bila kuuandika. Tairi la 28 × 1 1/2, la baiskeli kubwa za mizigo, limeitwa 28 kwa upana wa gurudumu zima likiwa na upepo. Inchi 28 ni mm 711.2. Ondoa unene wa tairi pande zote mbili, yaani inchi 3 au mm 76.2, zinabaki mm 635, na hicho ndicho kipenyo cha rimu mahali tairi linapokaa. Hapa hesabu inakubali vizuri. Lakini kwa 26 mambo huharibika: tairi la 26 × 1 3/8 hukaa kwenye rimu ya mm 590, na la baiskeli za milimani, ambalo nalo huitwa 26, hukaa kwenye mm 559. Hayabadilishani. Namba ya milimita iliyochapwa ubavuni mwa tairi ndiyo ya kufuata.

Tairi la gari limechanganya kila kitu katika mstari mmoja. Katika 195/65 R15, namba 195 ni upana kwa milimita, 65 ni asilimia ya upana huo inayokuwa kimo cha ubavu, na 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Kimo cha ubavu ni 195 × 0.65 = mm 126.75. Pande mbili ni 253.5. Rimu ni 15 × 25.4 = 381. Gurudumu zima lina mm 634.5.

Vioo vya televisheni na simu

Inchi za televisheni ni kipimo halisi, ila hupimwa kwa hanamu, kutoka pembe moja ya kioo hadi pembe ya mkabala. Vioo vya sasa vina uwiano wa 16 kwa 9. Kwa kanuni ya Pythagoras, upana ni hanamu mara 0.8716 na kimo ni hanamu mara 0.4903. Televisheni ya inchi 32 ina hanamu ya sentimita 81.3, upana wa kioo sentimita 70.8 na kimo sentimita 39.8. Ya inchi 43 ina upana wa 95.2 na kimo cha 53.5. Ya inchi 55 ina upana wa 121.8 na kimo cha 68.5, kabla ya kuhesabu fremu. Kabati lililoachiwa nafasi ya sentimita 120 haliwezi kuipokea.

Jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi ni kwamba eneo hukua haraka kuliko namba. Kutoka 32 hadi 43 namba imeongezeka kwa theluthi moja hivi, lakini eneo la kioo limekuwa karibu mara 1.8.

Upana wa reli

Umbali kati ya vyuma viwili vya reli ni mahali ambapo inchi chache zimegawa nchi. Reli ya Uganda iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, na Reli ya Kati iliyojengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam, zina upana wa mita 1, yaani inchi 39.37. TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1970, ilipewa upana wa futi 3 na inchi 6 ili iungane na reli za Zambia. Inchi 42 × 25.4 = mm 1,066.8, nayo huandikwa 1,067.

Tofauti ya TAZARA na Reli ya Kati ni kama inchi 2 na 5/8, isiyofika upana wa kiganja. Inatosha kulizuia behewa lisipite. Kidatu mkoani Morogoro, ambako njia hizo mbili zinakutana, mizigo inabidi ihamishwe kutoka behewa la upana mmoja kwenda la upana mwingine. Reli mpya za Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, na ya Dar es Salaam hadi Dodoma, zina mm 1,435. Namba hiyo ya ajabu huelezeka mara moja ukiigeuza: ni futi 4 na inchi 8 1/2, upana wa reli za kwanza za Uingereza. Inchi 56.5 × 25.4 = mm 1,435.1.

Viwanja na mashamba

Katika vijiji vingi vya Tanzania ekari hupimwa kwa hatua 70 kwa 70. Kanuni hii si ya kubahatisha. Ekari ina yadi za mraba 4,840, na 70 × 70 ni 4,900. Kwa hiyo hatua ikiwa ni yadi moja, yaani inchi 36, kipimo kinazidi ekari kwa asilimia moja tu na kidogo. Shida ni kwamba urefu wa hatua hautajwi. Mpimaji mwenye hatua ya inchi 30 akitembea hatua 70 anakwenda mita 53.34, shamba lake lina mita za mraba 2,845, wakati ekari ni mita za mraba 4,047. Mnunuzi amelipa ekari moja akapewa asilimia 70 ya ekari. Kinyume chake, anayechukua tepu na kupima mita 70 kwa 70 hupata mita za mraba 4,900, na hapo muuzaji ametoa mita za mraba 853 bure. Nimeona majirani wakigombana kwa jambo hili, kila mmoja akiapa kuwa sabini ni sabini, na wote wawili walikuwa sahihi kuhusu namba.

Nchini Kenya kiwanja cha 50 kwa 100 huitwa moja ya nane ya ekari. Namba hizo ni futi. Kiwanja hicho kina futi za mraba 5,000, sawa na mita za mraba 464.5. Moja ya nane ya ekari ni futi za mraba 5,445, sawa na mita za mraba 505.9. Pengo ni mita za mraba 41, nafasi ya vyumba vitatu vizuri.

Mvua na ramani

Vitabu na kumbukumbu za wakati wa ukoloni hutoa mvua kwa inchi. Inchi moja ya mvua ni mm 25.4, na kwa kuwa milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, inchi hiyo humwaga lita 25.4 kwenye kila mita ya mraba ya bati. Vitabu vya baadaye vilipogeuza inchi kuwa milimita vilileta namba zinazoonekana za uhakika mkubwa. Ukikuta sentensi isemayo eneo fulani hupata karibu mm 762 kwa mwaka, mwandishi wa kwanza alisema karibu inchi 30. Mwinuko wa mita 1,524 ni futi 5,000. Katika hali hizo ni sahihi zaidi kuandika karibu mm 760 au mita 1,500, maana kikokotoo hakiwezi kuongeza uhakika ambao mpimaji hakuwa nao.

Ramani za zamani zenye kipimio cha 1:63,360 nazo zina chanzo hicho. Ni inchi moja kwa maili moja, kwa sababu maili ina inchi 63,360. Kwenye ramani za 1:50,000 zinazotumika shuleni, sentimita 2 ni kilomita 1, na aliye na rula ya inchi pekee ahesabu kila inchi kuwa kilomita 1.27.